Mtoto wa Fundi Viatu Aliyetupa Plastiki

Siku kumi za mwisho za mfungo uliopita nilikuwa Eldoret, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Sisi watu wa pwani tumezoea kufuturu huku tukifuta jasho. Eldoret mtu hufuturu amevaa sweta, na uji wa pilipili manga hapo ndipo unapojulikana kazi yake. Katika msikiti mmoja wa mjini futari hutolewa kila siku kwa watu wa kila namna: wanafunzi, mafundi, madereva wa malori ya kwenda Uganda, na wapita njia ambao hakuna anayewauliza dini yao. Uji hutiwa katika vikombe vya plastiki vya kutupa, viazi na tambi katika sahani nyeupe za kutupa, na maji huja katika vichupa vidogo. Watu wakisimama kuswali Magharibi, nyuma yao huwa kumelala vikombe mia na zaidi vilivyotumika kwa muda wa dakika tano.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, nilitembea hadi mto Sosiani unaokatiza mji. Penye majani ya ukingoni niliviona vikombe vyetu. Sitasema kuna mtu aliyevitupa mtoni kusudi. Mvua na upepo vinatosha. Lakini vilikuwa vyetu, na alama ya uji ilikuwa bado imo.

Jioni nikalitaja jambo lile mbele ya wazee wa kamati, na mjadala ukazuka. Mzee mmoja wa asili ya Lamu, aliyefika Eldoret akiendesha lori miaka ya sabini na asirudi tena, ndiye aliyeuliza swali lililonikwamisha. Alitaka kujua plastiki hii hasa ilianzishwa na nani, na huyo mtu alikuwa akitafuta nini. Vijana wakasema ni Wachina. Mwingine akasema ni makampuni ya mafuta. Mimi, ambaye katika safu hii nimeilaani plastiki mara nyingi, sikuwa na jibu. Elimu yangu ya kemia iliishia kidato cha nne. Nikamwahidi mzee kwamba nitatafuta, na makala haya ndiyo ahadi yenyewe.

Mtu huyo anaitwa Leo Hendrik Baekeland. Huku kwetu jina hilo halijulikani, ila katika zama zake lilivuma hadi sura yake ikawekwa kwenye jalada la gazeti la Time, Septemba 1924. Alizaliwa Ghent, Ubelgiji, tarehe 14 Novemba 1863. Baba yake alikuwa fundi viatu, na alitaka mwanawe akae naye kwenye kigoda ashike nyundo na uzi. Mama yake, aliyefanya kazi za nyumbani kwa watu, alikataa katakata. Mtoto akabaki shuleni, akapata ufadhili wa mji, akaingia chuo kikuu cha Ghent akiwa kijana mdogo, na mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 21, akatoka na shahada ya udaktari wa kemia. Kila nikisoma habari za wavumbuzi humkuta mama wa namna hii pembeni, na kwa kawaida hatajwi zaidi ya mstari mmoja. Na mimi nimempa mistari michache tu.

Kijana huyu alipenda picha. Inasimuliwa kwamba alipokosa pesa za kununulia dawa ya kusafishia picha, alichukua mkufu wa fedha wa saa aliyopewa na baba yake, akauyeyusha kwa asidi ili apate chumvi ya fedha aliyoihitaji. Baba alisemaje, hadithi haisemi. Chuoni alimpenda binti wa profesa wake, Céline Swarts, wakaoana mwaka 1889. Mwaka huohuo wakasafiri Marekani kwa pesa za masomo, na hawakurudi tena kuishi Ubelgiji.

Miaka ya mwanzo New York ilikuwa migumu. Aliajiriwa na kampuni ya vifaa vya picha, akaacha, akajaribu kujitegemea. Alishika mambo mengi kwa wakati mmoja na hakuna hata moja lililokamilika; madeni yakamzonga, kisha akaugua vibaya. Akiwa kitandani alipata fursa ya kufikiri, na alipoinuka aliamua kushika jambo moja tu, lile lenye dalili ya kuleta riziki karibu. Jambo hilo lilikuwa karatasi ya kusafishia picha kwa mwanga wa taa. Hadi wakati ule wapiga picha wengi walitegemea jua, na mawingu yakitanda kazi inasimama. Karatasi yake aliiita Velox. Mwaka 1899 George Eastman, mwenye Kodak, akainunua kampuni yake. Bei inayotajwa sana ni dola 750,000, na wapo wanaosema ilifika milioni moja. Kwa vyovyote, mtoto wa fundi viatu alikuwa tajiri kabla hajatimiza miaka arubaini. Akanunua nyumba kubwa Yonkers, juu ya mto Hudson, akageuza banda la uani kuwa maabara, na kwa kuwa hakuwa tena na shida ya chakula cha kesho akaanza kujiuliza afanye nini.

Hapa inanibidi nimwache Baekeland kidogo nirudi pwani, kwa sababu mas'ala haya yana upande wetu ambao vitabu vya huko kwao hawautilii uzito.

Kabla ya plastiki, dunia ilikuwa na mahitaji yaleyale: kitu cha kuchongea chanuo, vifungo vya nguo, mipini ya visu, mipira ya mchezo wa biliadi, rangi ya kung'arishia mbao. Vitu hivyo vilitoka kwa wanyama, wadudu na miti, na sehemu kubwa ilipita mikononi mwetu. Pembe za ndovu zilishuka Mombasa, Bagamoyo na Unguja kwa mabega ya watu, na nyingi zikasafirishwa Marekani kutengenezewa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Misafara ya Waswahili ilifika hadi Mumias, kando ya mto Nzoia, safari ya saa chache tu kwa gari la leo kutoka Eldoret. Magamba ya ng'amba yalivuliwa baharini mwetu kwa ajili ya machanuo na masanduku ya akina bibi wa Ulaya. Na sandarusi, ile gundi ya mti iliyofukiwa ardhini miaka na miaka ikawa ngumu kama kioo, ilichimbwa katika bara la Mrima, ikauzwa Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaipakia majahazini kwenda kutengenezewa vanishi. Seyyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na sandarusi na pembe zilikuwa katika mizigo mikubwa ya uhusiano huo.

Sandarusi, lakiri, mpira wa mtini, hata pembe na gamba, vyote hivyo wanakemia wa leo huviita polima za asili. Yaani ni vitu vilivyojengwa kwa molekuli ndefu mno, vipande vidogo vilivyoungwa kimoja kwa kingine mamia na maelfu kama shanga katika uzi. Wazee wetu waliuza polima karne nzima bila kujua jina lake.

Ndovu walipoanza kupungua na bei ya pembe kupanda, kampuni moja ya biliadi ya Marekani katika miaka ya 1860 ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata badala yake. John Wesley Hyatt, mchapaji wa mji wa Albany, akajaribu, na kufikia mwaka 1870 alikuwa na hataza ya seluloidi, iliyotengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi na kuchanganywa na kafuri. Machanuo ya ng'amba yakapata mshindani, na kasa wengi bila shaka walipona kwa sababu hiyo. Lakini seluloidi ilishika moto upesi, na malighafi yake bado ilitoka shambani. Haikuwa plastiki tupu.

Sasa turudi Yonkers. Miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini umeme ulikuwa ukienea Marekani, na kila waya na kila mashine ilihitaji kitu cha kuzuia umeme usivuje. Kilichotumika sana ni lakiri ya India, ambayo ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo juu ya matawi ya miti. Ratili moja tu hutaka maelfu ya wadudu. Mahitaji yalipanda, bei ikapanda, na wadudu hawaongezi bidii kwa kuambiwa. Baekeland aliona pengo hapo. Alitaka kutengeneza lakiri bila mdudu.

Alianza na vitu viwili. Cha kwanza ni fenoli, iliyopatikana kutoka lami ya makaa ya mawe, ile yenye harufu ambayo waliowahi kuoga sabuni ya kaboliki wataikumbuka. Cha pili ni formaldehaidi, ambayo ikichanganywa na maji ndiyo formalini ya chumba cha maiti. Mjerumani Adolf von Baeyer alikwisha kuvichanganya mwaka 1872, akapata uchafu mgumu ulioganda katika vyombo vyake usitoke, akaachana nao. Wengine baada yake walishindwa vilevile. Mchanganyiko ulichemka kwa ghadhabu, ukatoa mapovu, ukaganda ukiwa na matundu kama mkate wa mofa.

Baekeland, pamoja na msaidizi wake Nathaniel Thurlow, aliushughulikia kwa miaka. Kwanza alipata kitu mfano wa lakiri kilichoyeyuka katika spiriti, lakini hakikuuzika. Kisha akajaribu kuyapenyeza maji yale ndani ya mbao ili ziwe ngumu, nako hakufika mbali. Alilogundua baadaye ni kwamba wenzake wote waliogopa moto na kujaribu kuutuliza mchanganyiko, ilhali ulihitaji kinyume chake: moto mkali zaidi, ila ndani ya chungu kilichofungwa chenye shindikizo kubwa la hewa ili mapovu yasipate nafasi. Katika kiangazi cha mwaka 1907 akafungua chungu chake cha chuma akakuta kitu kigumu, kizito, chenye rangi ya kaharabu, kisichoyeyuka kwa moto wala kwa spiriti wala kwa asidi za kawaida. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo akaomba hataza. Aliita Bakelite, kutokana na jina lake, na Februari 1909 akaitangaza mbele ya wanakemia wenzake New York. Ilikuwa plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote maabarani, bila pembe, bila pamba, bila mdudu.

Kwa wavuvi wanaosoma hapa nitaieleza hivi. Plastiki nyingi za leo ni kama nyuzi ndefu zilizorundikwa pamoja. Ukizipasha moto zinateleza, plastiki inalainika, unaipa umbo jipya, ikipoa inaganda, mfano wa nta au samli. Bakelite ni wavu. Kila uzi umefungwa fundo na jirani yake, juu, chini na pembeni. Ukishaufunga kwa moto na shindikizo, haufunguki tena. Ukiupasha moto zaidi utaungua tu, kama yai lililochemshwa lisivyoweza kurudi kuwa bichi. Baekeland mwenyewe hakuweza kuiona picha hii sawasawa. Ni Mjerumani Hermann Staudinger, kuanzia mwaka 1920, aliyeshikilia kwamba molekuli kubwa namna hiyo zipo kweli. Wakubwa wa kemia walimpinga kwa miaka, naye akaja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1953. Mwenzake alikuwa amekwisha kuuza wavu duniani kote kabla haujathibitishwa kuwa ni wavu.

Na aliuza. Mwaka 1910 akaanzisha General Bakelite Company. Mwaka huo, maelfu ya maili kutoka New York, posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64 kwenye uwanda wa Uasin Gishu, na ndiyo maana wenyeji wa Eldoret hadi leo wakiuita mji wao Sisibo wanaeleweka. Unga wa Bakelite ulichanganywa na unga wa mbao, wakati mwingine na asbesto, ambayo leo tunajua madhara yake katika mapafu. Ukakandamizwa ndani ya kalibu, na ukatoka ukiwa swichi, soketi, simu, kasha la redio, mpini wa pasi, sehemu za magari na ndege. Mwaka 1912 hata kampuni ya mipira ya biliadi ya Hyatt ikaacha seluloidi ikachukua Bakelite. Washindani walipoigiza, aliwapeleka mahakamani, na mwaka 1922 wawili wakubwa wakaishia kuunganishwa naye.

Umeme ulifika Eldoret mwaka 1933. Huko pwani uliwahi zaidi. Mimi nimezikuta swichi za duara za rangi ya kahawia zilizochomoza ukutani katika nyumba ya bibi yangu Mombasa, zile za kubonyeza kijiti juu au chini zikatoa mlio mkavu. Simu nyeusi za ofisini, nzito kama jiwe la dawa, nazo zilikuwa hivyo. Tulikuwa tukiita vitu vile mpira, au tukisema ni kama pembe. Swichi ya bibi ilifanya kazi hadi nyumba ilipobomolewa.

Wakati wa mfungo nilipeleka pasi ya dada yangu kwa fundi mmoja wa vifaa vya umeme mjini Eldoret. Pembeni mwake alikuwa na gunia la mabaki ya plastiki anayowauzia wanunuzi wa kuyeyusha. Alikuwa anatoa mipini ya sufuria na vifuniko vya soketi za zamani na kuvitupa upande mwingine. Nilimuuliza kwa nini, akanieleza kwamba hivyo havikubali. Ukivitia motoni vinatoa moshi mkali na kubaki makaa, na mnunuzi akivikuta katika gunia hupunguza bei. Hajapata kusikia jina la Baekeland. Lakini tofauti kati ya nyuzi na wavu anaijua kwa vidole vyake, kuliko mimi niliyeisoma kwa juma zima.

Utajiri haukumfanya Baekeland kuwa mtu mwepesi wa kuishi naye. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alifariki akiwa mdogo, na mwanawe wa kiume hakuwa na moyo wa kuendesha kampuni ya baba. Mwaka 1939 aliiuza Bakelite kwa Union Carbide. Alikwenda kuishi majira ya baridi Coconut Grove, Florida, akavaa nguo nyeupe, akala chakula cha makopo, akazidi kujitenga na watu. Inasimuliwa kwamba joto likimzidi alikuwa akiingia ndani ya bwawa lake la kuogelea na nguo zake zote, kisha akatoka akaziacha zimkaukie mwilini, jambo ambalo mtoto yeyote wa Mombasa angemwambia kwamba si uvumbuzi. Alifariki tarehe 23 Februari 1944 katika mji wa Beacon, jimbo la New York, akiwa na miaka 80.

Mzee wa Lamu alitaka kujua mtu huyu alikuwa akitafuta nini. Alichokitafuta ni kitu kisichokufa. Chapa ya kampuni yake ilikuwa herufi B na chini yake ile alama ya hisabati ya kisicho na mwisho, kumaanisha matumizi yasiyo na ukomo. Sioni kwamba alikuwa na nia mbaya. Alikuwa akitengeneza swichi ya kudumu miaka hamsini, na kitu cha miaka hamsini ni haki yake kiwe kigumu. Hata hivyo sitamsafisha kabisa. Aliweka daftari za kila siku kwa miaka mingi, mtu mwenye kupima kila gramu, lakini katika niliyoyasoma juu yake sikukuta mahali alipojiuliza kitu kisichooza kitakwenda wapi kikishaachwa. Na fenoli na formaldehaidi si vitu vya mchezo kwa anayevishika kiwandani. Formaldehaidi leo imo katika orodha ya vinavyosababisha saratani.

Kilichofuata baada yake ndicho kilichotufikisha Sosiani. Mwaka 1933, mwaka uleule umeme ulipofika Eldoret, wanakemia wawili wa Kiingereza walipata polithini kwa bahati tu, jaribio lao lilipoharibika. Hiyo ni jamii ya nyuzi, si ya wavu: laini, nyepesi, rahisi mno, na rahisi yake ndiyo iliyoleta balaa. Baada ya Vita vya Pili ikafuatwa na nyingine nyingi. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza takriban tani milioni mbili za plastiki. Sasa ni zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka. Watafiti wa Marekani walipiga hesabu mwaka 2017 wakakuta kwamba hadi 2015 zilikwisha kutengenezwa tani bilioni 8.3, na kwamba katika taka zake ni kama asilimia tisa tu zilizowahi kurejelezwa. Baekeland alitupa plastiki, nasi tukaitupa. Kiswahili chetu chenyewe hakitofautishi vitendo hivyo viwili mpaka usikilize vizuri.

Ukweli ni kwamba polima ileile ngumu kuoza imepewa kazi mbili zisizofanana. Moja ni kazi ya miaka, kama bomba la maji, mfuko wa damu hospitalini, waya wa umeme. Hapo hakuna mwenye akili atakayetaka turudi kwenye pembe na ng'amba, maana ndovu na kasa wasingebaki. Nyingine ni kazi ya dakika tano, na kikombe chetu cha uji kimo humo. Kikombe hicho kikikaa juani hukatika vipande, vipande vikawa punje, na punje zikawa vumbi la plastiki ambalo samaki hulimeza. Hakiozi; kinagawanyika tu.

Wapo wa pwani watakaosema kwamba taka za Eldoret ni mambo ya bara. Ni kweli kwamba Sosiani hauji kwetu. Unaingia Kipkaren, Kipkaren unaingia Nzoia, na Nzoia inapita Mumias ilikokuwa ikifika misafara yetu hadi Ziwa Victoria. Lakini hao wenye kusema hivyo na watembee ufuoni kwao asubuhi baada ya kusi. Watamu kuna kituo cha kutibu kasa, na miongoni mwa wanaoletwa wamo waliomeza plastiki. Ng'amba aliyeokolewa na chanuo la seluloidi, kitukuu chake anakufa kwa mfuko. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa taka za plastiki na kufunikwa makubadhi mabovu, lilisafiri hadi Unguja mwaka 2019, kisha mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria. Mafundi wa Lamu walikwisha kuelewa kwamba maji ya bara na maji ya pwani yana shida moja.

Serikali nayo ilichukua hatua. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku majuala, kwa faini inayofika shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, na yeyote anayekumbuka miti ya kando ya barabara kabla ya hapo, imevaa majuala kama nguo, hawezi kusema haikusaidia. Lakini vikombe na vichupa vya futari havimo katika marufuku hiyo, isipokuwa ndani ya mbuga na fukwe zilizohifadhiwa, ambako vilizuiwa tangu Juni 2020. Kwa hiyo hakuna askari atakayekuja msikitini. Ni sisi wenyewe, na sote tunajua dini inasema nini juu ya israfu.

Niliporudi kwa wazee usiku wa ishirini na saba niliwaeleza yote haya kwa ufupi, na nikaleta pendekezo. Sahani na vikombe vya melamini, vile vya maua ambavyo kila nyumba ya Mswahili inavyo kwa ajili ya harusi na khitma, ni jamaa wa karibu wa Bakelite. Ni wavu uleule wa formaldehaidi, ila fenoli imebadilishwa. Havifai kupashia chakula moto, na vikikwaruzika sana vitolewe, lakini kwa uji wa kunywa na viazi vya kula hapo hapo vinakaa miaka. Mia mbili vingetosha msikiti ule. Nilikuwa nimepiga hesabu dukani: gharama yake ilikaribia ile ya vikombe na sahani za kutupa za mfungo mmoja na nusu.

Mzee wa Lamu aliridhika. Akasema, kwa namna yake, kwamba heri kumtumia huyu Mbelgiji kwa kazi aliyoikusudia. Mwekahazina hakuikataa hesabu. Ila akauliza vikombe mia mbili vitaoshwa na nani kila siku baada ya Magharibi, kwa maji yapi, maana mtaa ule hupata maji ya mfereji siku tatu kwa juma, na akina mama wanaopika tangu alasiri hawawezi kuongezewa hilo. Vijana waliokuwa wakizungumza kwa sauti kubwa juu ya mazingira wakainamisha vichwa kwenye simu zao. Shemeji yangu akasema yeye ataosha Jumatatu. Siku sita zilizobaki zilikuwa bado hazijapata mtu nilipopanda basi la kurudi Mombasa.